Makala Chini ya Jiwe

Ukimsalimu Mpimaji njiani, jibu lake la kwanza lilikuwa kidole. Alikiinua juu, midomo ikiendelea kuchezacheza, akapiga hatua nyingine tano au sita, akasimama, ndipo akakugeukia na uso wa mtu aliyetua mzigo.

"Jambo, mama. Unisamehe, nilikuwa ku mia tatu makumi kenda."

Alikuwa anahesabu hatua. Alihesabu kutoka mlangoni kwake hadi kanisani, kutoka kanisani hadi kwenye bomba la maji, kutoka bombani hadi kwa muuza makaa, na akirudi alihesabu tena, kana kwamba mtaa ungeweza kurefuka alipokuwa ananunua sabuni. Wageni walidhani ana maringo. Sisi wa avenyu ile tulizoea kungoja kidole kishuke.

Jina lake lilikuwepo, na padri alilisoma mara moja kwa mwaka kwenye orodha ya wazee wa parokia, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Mama yangu alimwita Muzee Mupimaji, na watu wengine wote vilevile. Umri wake hakuusema. Mtu aliyeweza kukutajia umbali wa kisima hadi kwenye unene wa kidole, ukimuuliza ana miaka mingapi alitazama mawingu.

Mimi aliniita Lisansie, kwa sababu nina lisansi, yaani shahada, ya jiografia kutoka chuo cha Kasapa. Mama aliitia kwenye fremu akaitundika juu ya cherehani yake, na kila mteja anayekuja kupimwa gauni huisoma huku amenyoosha mikono. Tangu niipate sijapata kazi inayoihitaji. Mpimaji alilijua hilo, na halikumzuia.

"Lisansie, ku Kasapa banakufundisha kupima dunia yote. Mbona ata kiwanja ya mama yako hauijue?"

"Naijua, muzee. Iko ku karatasi."

"Karatasi." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema ganda la karanga.

Alipokuwa kijana alifanya kazi na wapimaji wa ardhi. Hakuwa mpimaji mwenyewe. Alikuwa yule anayeshika ncha ya mnyororo, anayesimamisha fito, anayechimba shimo la jiwe la mpaka, lile ambalo sisi huliita borne. Wakubwa wake walioshika darubini walikwishaondoka au kufa, naye akabaki na mnyororo mmoja wa chuma wa mita ishirini na ujuzi wa yale waliyozika. Maana chini ya kila borne, kabla ya kusimamisha jiwe, waliweka vipande vitatu vya makala, ndivyo tuyaitavyo makaa ya jikoni, juu yake vigae vya chupa ya kijani, kisha udongo. Makala hayaozi, wala mchwa hawayali. Mtu akihamisha jiwe, yale ya chini hubaki mahali pake. Mpimaji aliyaita mashahidi.

"Jiwe inatembea," alipenda kusema. "Makala haitembee."

Nilimwona akiyatumia mara nyingi. Mara moja majirani wawili walifikia kushikana mashati kwa ajili ya mti wa avoka uliosimama mpakani. Mpimaji alikuja amevaa tai. Kuchimba mpaka alichimba na tai siku zote, na jembe begani, kama mtu anayekwenda ofisini kwa njia ya shambani. Alichimba kwenye jiwe, hakukuta kitu. Alichimba hatua moja na nusu upande wa pili, akatoa kigae cha kijani, akakipuliza vumbi, akawaonyesha wote wawili. Yule aliyeshindwa alikuwa mtu mwenye sauti, akaanza kusema juu ya uchawi wa chupa. Mpimaji alimngoja amalize.

"Muti iko yake," akasema. "Lakini kivuli iko yenu bote. Kivuli haina borne."

Usidhani alikuwa mtakatifu. Kwenye dama aliiba wazi wazi. Walicheza kwa vizibo vya chupa nje ya kinyozi, na mkono wake wa shati ulipopita juu ya ubao kizibo kimoja kilikuwa kimesogea. Kinyozi alimkamata siku moja mbele ya watu.

"Muzee, weye unachimba ku mipaka ya bantu, kisha unasogeza vizibo?"

"Mupaka iko kazi," alijibu bila haya. "Dama iko muchezo. Kama hauibe, unacheza juu ya nini?"

Alidanganya pia juu ya chakula. Mama akimpelekea bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu, alisema amekwisha kula, na sahani ilirudi imefutwa. Nyumba yake mwenyewe, yeye mtu wa mistari iliyonyooka, ilipinda. Ukuta wa magharibi uliegemea kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Nilimuuliza kwa nini hakuupima. Akasema siku ile hakuwa na mtu wa kushika ncha ya pili ya mnyororo.

Wala hakukaa kitini. Ulimpa kiti, akakishukuru, akasimama nyuma yake. Nadhani ndiyo sababu nilimpenda na ndiyo sababu alinichosha. Mimi nafunga mlango, narudi kuangalia kama nimeufunga, halafu njiani najiuliza kama katika kuangalia sikuufungua. Mwili wake ulifanya kile ambacho kichwa changu hufanya.

Sasa niseme juu ya jiwe la kwetu.

Nyumba ya mama iko ukingoni mwa mji. Nyuma yake kuna shamba letu dogo la matembele na mahindi, na mwisho wa shamba, zaidi ya hatua ishirini kutoka ukutani, kulikuwa na nguzo fupi ya saruji inayofika magotini. Upande wa pili wa nguzo, karibu umbali uleule, ilikuwa nyumba ya Mpimaji. Karatasi ya mama ya kununulia kiwanja ilionyesha nguzo ile kama pembe ya kiwanja chetu. Mchoro ulipigwa kwa rula na mhuri upo.

Mpimaji alisema karatasi inadanganya.

"Ile jiwe haina ya kwenu. Haina yangu pia. Ile njo katikati ya balabala."

"Balabala gani, muzee?"

"Ile itakuya."

Alieleza, kila mwaka kwa maneno yaleyale, kwamba katika ujana wake waliipimia pale njia ya malori ya kuuzunguka mji, na kwamba nguzo ile aliisimamisha yeye. Tulicheka kwa heshima. Kama alijua barabara itapita, kwa nini alijenga pale? Kwa padri alijibu kwamba serikali iliahidi barabara kabla nywele zake hazijaota mvi, na mtu hawezi kungoja amesimama. Kwa mama alijibu kwamba ilibidi mtu akae karibu alinde jiwe. Nilizilinganisha sababu hizo mbili kwa muda mrefu, nikaamua kwamba mtu mwenye sababu mbili hana hata moja. Hapo ndipo nilipokosea.

Barabara ilihitajika, hilo kila mtu alilijua. Malori ya shaba kutoka migodi ya Kinsevere na kwingineko yalipita katikati ya mji kwenda mpakani, na siku mbaya yalisimama kuanzia asubuhi hadi jioni, injini zikinguruma, madereva wakinyoa ndevu kwenye vioo vyao vya pembeni. Dada mmoja wa kwaya alijifungulia ndani ya teksi kati ya lori na lori. Mpimaji alitembea kando ya foleni ile mwanzo hadi mwisho, akarudi na viatu vyeupe vya vumbi.

"Muji imemeza mufupa," akamwambia mama. "Imekwama mu shingo."

Kisha habari ikaja kwamba njia ya kuzunguka inajengwa kweli, na kwamba tume itapita kupaka msalaba mwekundu kwenye nyumba zitakazobomolewa. Kutoka siku hiyo sikulala vizuri. Nilitoa karatasi ya mama, nikaitazama, nikairudisha, nikaitoa. Nikawaza hivi: barabara itachukua ardhi iliyo nje ya viwanja. Ikikosa nafasi ya kutosha, itatafuta ukuta wetu. Basi tukiipa nafasi kwa hiari, tukirudisha mpaka wetu nyuma kidogo, itatosheka na matembele na kuiacha nyumba. Niliona ni hesabu nzuri. Niliipitia mara nyingi na kila mara ilitoa jibu lilelile, kwa kuwa kila mara nilianza na karatasi ileile.

Jumapili moja nilisema nina homa. Mama alikwenda misa, avenyu nzima ilikwenda misa, na misa yetu ni ndefu. Nilichukua jembe na utepe wa mama wa kupimia nguo, ule anaouvaa shingoni siku zote isipokuwa kanisani. Niling'oa ile nguzo, nikaiviringisha kuelekea nyumba yetu, nikapima mara mbili urefu wa utepe, yaani mita tatu, nikaisimamisha tena. Pale ilipotoka nilishindilia udongo nikapanda vikonyo vya matembele. Mama aliporudi nilikuwa nimelala kweli, na homa ilikuwa ya kweli.

Tume ilikuja wiki tatu baadaye. Injinia wao alikuwa kijana mpole mwenye mashine ya kuzungumza na satelaiti. Alieleza kwamba ramani yao ya zamani inaanzia kwenye nguzo, na kwamba nguzo ile ni katikati ya barabara. Alilisema kwa maneno ya Mpimaji kabisa. Nilisikia masikio yangu yakiziba. Walipima kutoka kwenye nguzo kwenda pande zote mbili kwa usawa. Upande wa Mpimaji mstari ulikomea kwenye ua wake. Upande wetu uliingia jikoni na kupita hadi kwenye chumba cha cherehani. Mtu mwenye kopo la rangi akapiga msalaba ukutani, chini ya dirisha la mama.

Mama hakulia. Aliushika utepe shingoni kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika kamba ya ndoo.

Mimi peke yangu nilielewa kilichotokea, maana hesabu ile ni ya darasa la msingi. Jiwe likirudi mahali pake, barabara yote inasogea mita tatu. Nyumba yetu inapona, na ya Mpimaji inaingia. Nikinyamaza, mama anapoteza nyumba aliyoijenga kwa kushona. Nikisema, mzee anapoteza yake. Siku mbili nilizunguka ua na sentensi kumi na mbili za kuanzia, na sikuanza hata moja. Siku ya tatu mama alivaa kitambaa akavuka shamba kwenda kwa Mpimaji. Nilimfuata nyuma.

"Muzee," mama alisema, "weye njo uliweka ile jiwe. Kuya uangalie kama iko mu nafasi yake. Bantu ya hii avenyu banasogezaka."

Mpimaji alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Mama, unajua kama jiwe inarudia kule, balabala inakuya kwangu?"

Mama hakujua. Nilimwona anajua wakati ule ule, uso wake ukibadilika kama maji yakitiwa maziwa. Akasema, "Basi, muzee. Uache. Tutatafuta fasi ingine."

"Sikukuuliza kama niache," alisema. "Nilikuuliza kama unajua."

Akaingia ndani. Alitoka amevaa tai.

Injinia aliitwa, na nusu ya avenyu ikaja bila kuitwa. Mpimaji alichimba kwanza pale nguzo iliposimama sasa. Hakuna kitu. Kisha alikwenda kwenye mlango wa nyumba yake, akageuka, akatembea kuelekea kwetu kidole kikiwa juu. Alisimama kwenye matembele. Vikonyo vilivyokuwa chini ya miguu yake vilikuwa vibichi na vidogo kuliko vingine vyote, na kila mwenye macho angeweza kuviona. Akaving'oa taratibu, akavilaza kando bila kuvivunja. Alichimba hadi nusu ya mpini wa jembe. Kigae cha kijani kilitoka kwanza, kisha makala, matatu, meusi kama yaliyotoka jikoni jana.

"Andika," akamwambia injinia.

Halafu alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani. Alipima kwa mnyororo wake umbali kati ya shimo na shimo. Aliitazama namba muda mrefu. Akainua macho, na hakunitazama mimi. Alitazama utepe uliokuwa unaning'inia shingoni kwa mama. Kisha akakunja mnyororo, pete juu ya pete.

Kinyozi alisema kwa sauti ya chini, "Muzee anajikata mwenyewe," na mtu akamwambia anyamaze.

Msalaba wetu mama aliusugua kwa brashi na majivu. Haukutoka wote. Umebaki mwingine wa rangi ya waridi, na wateja huuliza ni wa nini. Nyumba ya Mpimaji haikungoja tingatinga. Aliezua mabati mwenyewe, akatoa mlango, akatoa fremu, akazihesabu tofali zilizofaa. Ukuta wa magharibi ulianguka wenyewe. Alipewa kiwanja mbali zaidi, huko ambako barabara mpya inakaribia njia ya Mokambo, na akaondoka nyuma ya gari la kukodi, amesimama.

Barabara imekwisha. Siwezi kusema ni mbaya. Mji umepumua, mama anafika sokoni kabla mboga hazijanyauka, na dada wa kwaya angejifungulia hospitali. Malori yanapita nyuma ya nyumba yetu mchana kutwa, glasi zikigongana kabatini. Mama huwaambia wateja, "Tuko mu hii nyumba sababu ya ule muzee." Huongeza kwamba Mungu atamwonyesha siku moja aliyesogeza jiwe. Kila aliposema hivyo nilikwenda kuangalia kama mlango umefungwa.

Nilikaa karibu mwaka mzima bila kwenda kumwona. Juma lililopita mama alinipa maharage na unga, akasema, "Umupelekee. Na umusalimie muzuri."

Nilimkuta kabla sijafika kwake. Alikuwa anatembea ukingoni mwa barabara ile, akielekeana na malori, suruali ikipepea kila lilipopita moja. Nilimwita. Kidole kikainuka. Nikangoja na unga wangu kichwani hadi akasimama.

"Lisansie. Elfu moja mia mbili. Umekuya muda muzuri, nilikuwa natafuta muntu wa kushika mnyororo."

Kiwanja chake kipya kilikuwa na vijiti tu pembeni. Majirani walikuwa na vijiti pia, na vingine vimeanza kutembea. Alinipa ncha moja ya mnyororo, yeye akaenda na nyingine, na tulipima pande zote nne huku nikitafuta sentensi yangu. Kwenye pembe ya mwisho alichimba shimo. Ncha ya mnyororo ilikuwa bado mkononi mwangu niliposema.

"Muzee, ile jiwe. Njo miye nilisogeza."

Aliendelea kutoa udongo. "Mita tatu kamili," alisema. "Bantu bengine banasogeza jiwe na woga, inaenda mita mbili na kitu, inapinda. Hii ilikuwa mara mbili ya utepe ya mama yako. Mwizi haesabu, Lisansie. Weye uliesabu."

"Mbona haukusema?"

Hapo aliacha kuchimba. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikaa, juu ya rundo la udongo wake mwenyewe, na nilipata hofu kidogo.

"Nitasema nini? Nyumba yangu ku ile jiwe, kila siku naesabu. Jumatatu nilipita, nikakuta hatua ine zimezidi. Nilijua ile siku ile ile. Nikaona balabala itaenda kwenu, na nikanyamaza. Wiki tatu nilinyamaza. Nilikuwa nakula sombe ya mama yako, nanyamaza." Alijipangusa mikono kwenye tai. "Kama mama yako hakuvuka kuniomba, sijue. Mupaka ngapi nimechimba ku huu muji? Zote zingekuwa dama."

Lori lilipita. Tulingoja kelele iishe.

"Donc, basi tuko babili," alisema.

Alitoa mfukoni makala yaliyofungwa katika gazeti, na kigae cha kijani. Nilikitambua kigae: kilitoka kwenye matembele yetu. Hakuniuliza, alinipa tu, akanionyesha shimo. Nilianza kuwaza kama makala yanatangulia au kigae.

"Usiwaze. Makala kwanza. Utaweka weye, juu siku moja muntu atauliza, na miye sitakuwa."

Nikayaweka, moja, mbili, tatu, na kigae juu yake, nikarudisha udongo kwa mikono. Alipokea unga na maharage akasema amekwisha kula.

Nilirudi kwa miguu kwenye ukingo wa barabara. Sikumbuki nilianza wapi kuhesabu. Nilipoingia avenyu yetu nilikuwa kwenye mamia, na kinyozi alinisalimu nikampita. Mama alikuwa mlangoni, utepe shingoni, macho yake kwenye viganja vyangu.

"Umemukuta? Na ile mikono, umefanya je?"

Niliinua kidole, cheusi hadi kwenye kucha. Nilizimaliza hatua za kumi la mwisho, nikasimama mbele yake.

"Mama," nikasema, "utoe kwanza ule utepe mu shingo. Niko na kintu ya kukuambia."